Shahada ya Michezo: Mshahara Wake na Deni Lake

Wako vijana katika shule yetu, hasa wale wa timu ya mpira wa miguu na ya netiboli, ambao hutaka kujua kama yafaa mtu asomee michezo hadi digrii. Wazee wao huuliza swali hilo hilo kwa maneno mengine: je, pesa hiyo itarudi? Mimi ni mwalimu wa hesabu, wala si mwanamichezo. Lakini kwa kuwa swali lenyewe ni la hesabu zaidi kuliko la mpira, Mhariri ameniomba nilijibu katika kurasa hizi. Nimekubali kwa sharti moja, kwamba nipewe nafasi ya kutosha ya kuandika tarakimu, maana maneno matupu juu ya jambo hili tumekwisha kuyasikia mengi pale sokoni Buguruni na ndani ya madaladala.

Kwanza nieleze shahada hiyo ni kitu gani, kwa sababu wazazi wengi hudhani kwamba kijana atakaa Chuo Kikuu miaka mitatu akijifunza kupiga danadana. Sivyo hata kidogo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya elimu ya viungo na sayansi ya michezo, nayo iko chini ya Shule Kuu ya Elimu. Mwanafunzi wake husoma jinsi mwili ulivyoumbwa, jinsi moyo na mapafu yanavyofanya kazi mtu akikimbia, saikolojia ya wachezaji, uendeshaji wa mashindano, na mbinu za kufundisha darasani na uwanjani. Akimaliza huwa mwalimu kamili. Somo hilo zamani wakubwa wetu waliliita drili. Leo ni Elimu ya Viungo, na Baraza la Mitihani hulitahini katika Kidato cha Nne kama masomo mengine, ingawa shule zinazolifundisha bado ni chache.

Tena shahada hii si njia ya kuwa mchezaji mashuhuri. Filbert Bayi alipoivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974, hakuna aliyemwuliza cheti. Alphonce Simbu, aliyeleta medali ya dhahabu ya mbio za marathoni za ubingwa wa dunia kutoka Tokyo mnamo Septemba 2025, ni askari wa Jeshi la Wananchi, na jeshi ndilo lililompa ajira. Basi kijana anayetaka kucheza, acheze akiwa na umri na nguvu. Shahada ni kwa yule anayetaka kufundisha wengine, na huyo ndiye ninayemwandikia.

Sasa tuingie katika hesabu. Nitachukua mfano wa kijana wa kubuni, mtoto wa hapa hapa Buguruni Malapa, aliyepata alama za kutosha Kidato cha Sita na kukubaliwa kusoma. Ada ya mfano wetu tuiweke Sh. 1,300,000/- kwa mwaka, kiasi ambacho ni cha kawaida kwa shahada za ualimu katika vyuo vya Serikali. Posho ya chakula na malazi ambayo wanafunzi huiita “bumu” ilikuwa Sh. 8,500/- kwa siku, ikapandishwa kufikia Sh. 10,000/-. Tukihesabu wiki 34 za masomo, yaani siku 238, twapata Sh. 2,380,000/- kwa mwaka. Vitabu na karatasi tuweke Sh. 200,000/-. Kisha yako mafunzo ya vitendo mashuleni. Tuseme mara mbili katika muda wote wa masomo, siku 56 kila mara, kwa posho ile ile ya kila siku.

Jumla ya miaka mitatu ni hii: ada Sh. 3,900,000/-, posho Sh. 7,140,000/-, vitabu Sh. 600,000/-, mafunzo ya vitendo Sh. 1,120,000/-. Yote pamoja ni Sh. 12,760,000/-.

Naomba msomaji atazame tena tarakimu hizo kabla ya kuendelea. Kwa kawaida mzazi akisikia “deni la chuo” hufikiri ni ada. Lakini katika mfano huu ada haifiki hata theluthi moja ya deni. Kilicho kikubwa ni chakula na kitanda. Na hapo ndipo vijana wetu hukosea, kwani bumu likiingia huonekana kama zawadi ya sikukuu. Simu mpya hununuliwa, viatu hununuliwa, na rafiki wote huja. Kila mara mwanafunzi anapotia saini kupokea posho, ameongeza deni lake kwa kiasi hicho hicho, shilingi kwa shilingi.

Anayekopesha ni Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa Sheria Na. 9 ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005. Si kila mwombaji hupewa yote. Bodi hupima uwezo wa familia, na miongozo yake imekuwa ikitoa kipaumbele kwa masomo kama vile udaktari, uhandisi na ualimu wa sayansi na hisabati. Hivyo anayeomba mkopo kwa ajili ya michezo asikae akijihesabia asilimia mia moja. Kiasi kisichotolewa kitatoka mfukoni mwa mzazi, na heri mzazi ajue mapema kuliko kupigiwa simu usiku mwezi wa kumi na moja.

Ulipaji ukoje? Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi kila mwezi. Mwajiri ndiye anayekata na kuipelekea Bodi. Kabla ya marekebisho ya sheria ya mwaka 2016 makato yalikuwa asilimia 8, na wengi wetu tuliokuwa kazini wakati ule twakumbuka manung'uniko yaliyofuata katika ofisi za walimu. Lakini mwaka 2021 likatokea jambo jingine ambalo halikusemwa sana mitaani, ingawa kwa maoni yangu ni kubwa kuliko lile la kwanza. Tangu tarehe 1 Julai mwaka huo ile tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa, pamoja na ile faini ya asilimia 10 kwa waliochelewa kulipa.

Nitaonyesha uzito wa jambo hilo. Tuchukue mwalimu mpya mwenye shahada anayelipwa Sh. 800,000/- kwa mwezi. Tarakimu hiyo nimeichagua kwa urahisi wa hesabu. Kwa viwango vya mwaka 2022 mwalimu wa daraja hilo alianzia chini kidogo, na mwaka 2025 kima cha chini cha utumishi wa umma kilipandishwa kutoka Sh. 370,000/- hadi Sh. 500,000/-. Asilimia 15 ya 800,000 ni Sh. 120,000/-. Akilipa Sh. 120,000/- kila mwezi deni la Sh. 12,760,000/- litakwisha kwa miezi 107, yaani karibu miaka tisa. Lakini ingekuwa tozo ile ya asilimia 6 ingalipo, mwaka wa kwanza peke yake deni lingezaa Sh. 765,600/-, ambazo ni Sh. 63,800/- kwa mwezi. Zaidi ya nusu ya makato ingeliwa na tozo, na kijana wetu angelipa kwa zaidi ya miaka kumi na miwili. Jirani zetu wa Kenya, ambao wana bodi yao tangu mwaka 1995, hutoza riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Deni letu sisi halizai tena. Hii ndiyo sababu naamini woga wa wazazi wengi juu ya mkopo ni woga wa habari za zamani.

Haya, tumtazame mwalimu huyo siku ya mshahara. Katika Sh. 800,000/- Mfuko wa Pensheni hukata asilimia 5, yaani Sh. 40,000/-. Bima ya afya asilimia 3, Sh. 24,000/-. Kodi ya mapato, ambayo huhesabiwa baada ya kutoa pensheni, ni Sh. 68,000/-. Chama cha wafanyakazi asilimia 2, Sh. 16,000/-. Mkopo Sh. 120,000/-. Makato yote ni Sh. 268,000/-, na kinachobaki ni Sh. 532,000/-. Kwa pesa hizo atalipa chumba, atakula, atapanda daladala, na atatuma kitu nyumbani. Si utajiri, lakini wala si ufukara; wako walimu wengi wanaoishi hivyo, wanajenga polepole, na watoto wao wanasoma.

Na hapa niseme jambo ambalo wanafunzi wengi hawalijui. Katika utumishi wa Serikali mshahara haufuati somo. Mwalimu wa fizikia mwenye shahada na mwalimu wa michezo mwenye shahada, wakiajiriwa siku moja katika daraja moja, hupata mshahara mmoja. Deni lao pia ni la namna moja, maana chakula cha mwanafunzi wa fizikia si ghali kuliko cha mwanafunzi wa michezo. Kwa hiyo anayesema “michezo hailipi” hajasema kweli, na anayesema “michezo inalipa siku hizi, tazama Simba na Yanga” naye hajasema kweli. Tofauti haiko katika mshahara wala katika deni. Iko katika kuipata ile nafasi.

Mwanzoni mwa mwaka 2025 walimu waliofanyiwa usaili kupitia Sekretarieti ya Ajira waliitwa kutoka miongoni mwa waombaji waliozidi 200,000, na nafasi zilizotangazwa hazikufika 15,000. Hesabu hiyo yatoa waombaji zaidi ya kumi na watatu kwa kila kiti. Katika msongamano kama huo, mwenye hisabati, fizikia au somo la ufundi hutafutwa kwanza. Mwenye michezo peke yake hungoja.

Sheria humpa mhitimu miezi 24 kabla ya kuanza kulipa. Miezi hiyo ikipita, deni huanza kudaiwa hata kama hana kazi ya ofisini. Uingereza wana utaratibu mwingine: kule mhitimu halipi kitu mpaka kipato chake kivuke kiasi fulani, na kwa wanafunzi waliojiunga tangu mwaka 2023 kiasi hicho kiliwekwa pauni 25,000 kwa mwaka, akishavuka hukatwa asilimia 9 ya kile kilichozidi. Kwetu hapana kizingiti cha namna hiyo kwa mtu aliyejiajiri. Yeye hutakiwa kulipa asilimia 10 ya kipato chake kinachotozwa kodi, au Sh. 100,000/- kwa mwezi, ile iliyo kubwa.

Msomaji aliye makini ameshaona ninakoelekea. Tuseme kijana wetu hakupata nafasi ya ualimu. Anafundisha mazoezi asubuhi katika jumba la mazoezi kule Tabata, jioni anawanoa watoto wa matajiri mpira, na kwa mwezi anapata Sh. 250,000/-. Kwake yeye Sh. 100,000/- ni asilimia 40 ya kipato chote. Yule mwenzake aliyeajiriwa, mwenye mshahara zaidi ya mara tatu, hukatwa asilimia 15 tu. Nimepiga hesabu nikaona kwamba aliyejiajiri lazima apate karibu Sh. 667,000/- kwa mwezi ndipo uzito wa ile laki moja ulingane na asilimia 15. Chini ya hapo, deni lile lile, la chuo kile kile, humlemea zaidi mwenye kipato kidogo. Na shahada ya michezo, kuliko shahada nyingi nyingine, huwapeleka vijana katika kazi za kujiajiri: ukocha wa vikundi, jim, uamuzi wa mechi, kambi za likizo. Hizo ni kazi nzuri, lakini pesa yake huja leo na kesho haiji. Mvua za masika zikinyesha viwanja vyetu hujaa maji na mwalimu wa mpira hukosa wanafunzi mwezi mzima.

Asilimia hiyo 40 inanikumbusha habari ambayo wazee wetu wa umri mkubwa wanaifahamu. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana hadi Ikulu kupinga mpango wa kuwapeleka Jeshi la Kujenga Taifa, ambako kwa miezi 18 wangelipwa asilimia 40 tu ya mishahara ya kazi zao. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao karibu wanafunzi 400, na siku hiyo hiyo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wakati ule Serikali ndiyo iliyobeba gharama za kusoma, na ubishi ulikuwa juu ya kile ambacho msomi anapaswa kulirudishia taifa. Ubishi huo haujaisha. Umebadilika sura tu, na sasa una namba ya kumbukumbu ya malipo.

Je, aliyekosa kazi kabisa afanyeje? Kwanza ajue kwamba tangu 2021 kukaa bila kulipa hakulifanyi deni likue. Sisemi hivyo ili watu wakwepe. Bodi inayo haki ya kumtafuta mdaiwa na mdhamini wake, na sipendi kuona mzazi akisumbuliwa uzeeni kwa ajili ya saini aliyoitia bila kusoma. Nasema hivyo kwa sababu wako vijana waliojificha kwa hofu kwamba deni limekwisha kuwa mlima, kumbe kiasi chake ni kile kile walichokiacha. Waende wakaulize salio. Na mtu hakatazwi kulipa zaidi ya makato yake, au kuanza mapema. Mimi mwenyewe mkopo wangu niliumaliza kabla ya wakati kwa kupeleka pesa za kusahihisha mitihani, na mwezi ule mshahara ulipoongezeka ghafla nilidhani mhasibu amekosea.

Sasa nieleze namna ninavyowashauri vijana wanaokuja kuniuliza. Ni maoni yangu, na Mwalimu wa Michezo ana ruhusa ya kunipinga katika toleo lijalo.

Jambo la kwanza ninalowaambia ni somo la pili. Kabla ya kujaza jina la shahada, mwanafunzi aulize chuo kama atapata nafasi ya kusoma somo jingine la kufundishia pamoja na michezo, na kama mchepuo aliosoma Kidato cha Tano na cha Sita unamruhusu. Mwalimu anayeweza kufundisha baiolojia asubuhi na kuwatoa watoto uwanjani alasiri ni mtu ambaye kila mkuu wa shule anamtaka. Baiolojia na michezo zinaelewana vizuri sana, maana mwili ni ule ule. Jiografia pia inafaa, na Kiswahili. Kwa hiyo kijana wa Kidato cha Pili anayependa mpira na kuchukia sayansi ajue kwamba kwa kuitupa baiolojia anaitupa pia sehemu ya nafasi yake ya kuajiriwa katika mpira. Hili huwa hawapendi kulisikia.

Jambo la pili ni kwamba digrii si mlango pekee. Kipo Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, wilayani Kwimba katika mkoa wa Mwanza, kinachotoa mafunzo ya ngazi ya chini ya shahada katika ukocha, uongozi wa michezo na elimu ya viungo. Kipo pia Chuo cha Ualimu Butimba, huko huko Mwanza, chenye sifa ya siku nyingi katika michezo na sanaa. Njia ya stashahada ni fupi, na mtu aweza kupata kazi kwanza, kisha akaiendea shahada akiwa na mshahara. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ilianza kuwakopesha baadhi ya wanafunzi wa stashahada pia, lakini katika fani zilizochaguliwa. Anayekwenda Malya aulize kwanza, asidhani tu.

Kwa upande wa ukocha wa vilabu, shahada peke yake haimkalishi mtu kwenye benchi la timu ya Ligi Kuu. Leseni za ukocha hufuata ngazi za Shirikisho la Mpira la Afrika, kuanzia D, kisha C, B na A, na kozi zake husimamiwa hapa nchini na TFF, ambayo ofisi zake ziko uwanja wa Karume, Ilala. Kutoka hapa Buguruni ni mwendo mfupi tu kwa Barabara ya Uhuru. Kijana anayesoma Chuo Kikuu aweza kuchukua kozi ya ngazi ya chini wakati wa likizo, na kwa maoni yangu hiyo ingekuwa matumizi bora ya bumu kuliko simu niliyoitaja huko juu. Akimaliza masomo atakuwa na vyeti viwili, kimoja cha darasani na kimoja cha uwanjani.

Wako wanaosema kwamba mambo yatabadilika, na sina haki ya kuwakatalia. Mitaala mipya iliyoanza kutumika Januari 2024 imeiingiza michezo katika elimu ya msingi ndani ya somo la Sanaa na Michezo, na katika sekondari imo miongoni mwa fani za mkondo wa amali. Somo likiwa katika ratiba, hapana budi awepo wa kulifundisha. Tumeona pia mashindano ya CHAN yakichezwa Agosti 2025 katika Uwanja wa Benjamin Mkapa pale Temeke, na mwaka 2023 Shirikisho la Afrika liliwapa Tanzania, Kenya na Uganda uenyeji wa pamoja wa fainali za Mataifa ya Afrika za 2027. Mambo haya yanaamsha hamu. Lakini mashindano hukaa mwezi mmoja, na mkopo hukaa miaka tisa. Mimi ningetazama matangazo ya ajira za walimu kuliko ratiba ya mechi. Siku tangazo likitaja walimu wa Elimu ya Viungo kwa wingi kama linavyowataja wa hisabati, nitaandika makala nyingine.

Iko gharama moja ambayo sikuiweka katika jumla yangu, nayo ni miaka mitatu ambayo kijana hafanyi kazi. Katika familia ambayo mama anauza samaki wa kukaanga na mdogo wake yuko darasa la tano, nguvu ya kijana wa miaka ishirini ni mtaji. Angeweza kuendesha bodaboda kati ya Buguruni na Vingunguti na kuleta kitu kila jioni. Siwezi kuipigia hesabu kwa niaba ya kila nyumba, lakini nawaomba wazazi na watoto wao wakae waipige pamoja, kwa karatasi, si kwa hasira. Vilevile mtoto wa Buguruni ana bahati ambayo mwenzake wa Songea hana. Aweza kulala kwao, akapanda gari la Barabara ya Mandela mpaka Ubungo, kisha la Mlimani. Foleni ya asubuhi itamchosha, sikatai. Lakini akiweka akiba hata Sh. 3,000/- katika kila Sh. 10,000/- ya siku, kwa siku 238 za mwaka mmoja atakuwa na Sh. 714,000/-, na kwa miaka mitatu Sh. 2,142,000/-. Akizirudisha Bodi siku ya kuanza kulipa, amejipunguzia karibu miezi kumi na minane ya makato.

Mwisho ni karatasi, maana nimeona waombaji wenye haki wakikosa mkopo kwa ajili ya karatasi. Maombi hujazwa kwa mtandao, na kwa kawaida dirisha hufunguliwa katikati ya mwaka. Cheti cha kuzaliwa hutakiwa kihakikiwe na RITA, na kwa aliyefiwa na mzazi, cheti cha kifo pia. Jina lililoko kwenye cheti cha kuzaliwa lilingane na lile la cheti cha Kidato cha Nne herufi kwa herufi. Mohamed na Muhammad kwa kompyuta ni watu wawili. Anayetakiwa kusahihisha jina aende RITA sasa, akiwa bado Kidato cha Tano. Mzazi au ndugu atakayekuwa mdhamini awe na kitambulisho chake tayari, na asome fomu yote kabla ya kutia saini. Mwenye haja ya kusaidiwa kuisoma, mimi nipo ofisi ya walimu kila Alhamisi baada ya vipindi.